Mshumaa wa Bi Mizani

Ulimi wa mshumaa ulilala upande usio wake.

Mshumaa ule ulikuwa chombo cha kazi. Bi Mizani, mwalimu wa sauti, aliuwasha juu ya kinanda mchana kweupe, akamsimamisha mwanafunzi mbele yake, shubiri moja kutoka mdomoni. Anayejua kutunza pumzi huimba na moto ukatikisika kidogo tu; asiyejua huuzima kwa neno la kwanza. Miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuona la tatu. Lakini siku hiyo, saa nane mchana, msichana alipofungua kinywa, moto uliinama ukamfuata mdomoni, kana kwamba haitoi sauti bali anaivuta.

Msichana huyo alikuwa Chiriku, yule mwimbaji ambaye nyimbo zake zilipigwa kwa kila kinyozi na katika kila duka la nguo. Bi Mizani alikuwa na sababu nyingine ya kukwepa macho yake. Kila Ijumaa alikuwa na kipindi redioni cha kupima waimbaji: pumzi, noti, matamshi, nguvu, kila kimoja kwa maksi kumi. Miezi minne nyuma alimpima Chiriku, akampa mbili kwenye pumzi. Mbili zingesahaulika. Kilichobaki ni mzaha wake.

"Huyu haimbi, anaimbiwa na mashine," alisema siku ile. "Birika langu linamshinda. Likichemka, angalau linashika noti moja."

Mtangazaji alicheka mpaka akashika mbavu. Kufikia Jumapili mzaha ulikuwa kwenye kila simu, na Chiriku alipopanda jukwaani, watu walikuja na mabirika yao wakampigia mbinja. Mdomo huponza kichwa, wanasema; huu uliponza kichwa cha mwenzake.

Sasa alikuwa amekuja na mama yake. "Nipime tena," alisema tu, akaanza kuimba.

Bi Mizani alimwekea kiganja ubavuni, kama anavyomwekea kila mtu, kusikia mbavu zikipanuka. Hazikupanuka. Noti ya kwanza ilitoka safi, ikapanda, ikakaa juu, Bi Mizani akahesabu sekunde thelathini, akahesabu sitini, na ubavu chini ya kiganja chake ulikuwa umetulia kama ukuta, na chumba kikaanza kunuka birika lililokauka maji likasahauliwa jikoni, harufu ya chuma kinachoungua, na alipofika tisini, noti bado iko palepale, alisikia nyuma ya shingo yake mwenyewe, ambako hapakuwa na mtu, pumzi ndefu ya joto ikivutwa ndani.

"Maksi zangu?" Chiriku aliuliza. Sauti ilikuwa tamu mno.

Bi Mizani alichukua kalamu, akaandika kumi, kumi, kumi, kumi. Aliandika kwa woga, na pia kwa tamaa ya kusamehewa haraka, na mkono wake ulijua kuwa anaongopa.

Mama alisimama, mkoba kaukumbatia kifuani. "Mwalimu, mimi sikufuata maksi," alinong'ona. "Mwanangu ana kisauti cha kukwaruza tangu mdogo. Nilikuwa nakijua hata katikati ya soko. Sasa akiniita mama, nageuka kutafuta ni nani."

"Ulifanya nini, mwanangu?" Bi Mizani aliuliza.

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nilikwenda mahali. Nikaomba sauti ambayo wewe hutaweza kuicheka. Nikaambiwa, basi acha yako hapa." Machozi yalimtoka, lakini hata kilio chake kilikuwa kwenye noti.

Bi Mizani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake, saa nane ileile, mama alimleta mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Chiriku akisema salamu mbili tatu, akautazama moto wa mshumaa ukiinama, akatikisa kichwa.

"Jini hili halikai kooni," alisema. "Linakaa kwenye aibu. Nani alimwekea binti huyu aibu?"

Macho ya mama yalimwendea Bi Mizani.

"Basi aliyeiweka aibebe. Mwalimu, imba wimbo wake. Hivyo hivyo ulivyo."

"Mimi... siimbi."

"Huimbi, au huwezi?"

Hapo palikuwa pabaya. Miaka kumi na tisa nyuma, Bi Mizani alilazimisha koo bovu kwenye onyesho, likapasuka, halikupona. Tangu hapo alifundisha kwa kinanda na kwa rekodi za wengine, akiwaambia wanafunzi kwamba mwalimu wa kweli hajionyeshi. Nyani haoni kundule; yeye aliliona kila siku, akalivalisha shela.

"Siwezi," alisema, na neno lile lilimtoka kama jino.

"Vizuri. Mlango ubaki wazi." Ukumbini nje wanafunzi sita walikuwa wakisubiri zamu zao. "Lakini nisikilize. Litamwacha yeye na kutafuta pa kukaa. Likikuonjesha utamu, nyamaza papo hapo, likose nyumba. Ukiendelea hata neno moja, umelikaribisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kwanza Bi Mizani akamgeukia Chiriku. "Nilikucheka ili nicheke pamoja na wanaojua," alisema. "Nilijua kukwaruza kwako si kosa. Nilikuwa naona wivu, kwa sababu wewe mwenye sauti mbaya unaimba, na mimi niliyekuwa na nzuri sina kitu." Kisha akaimba.

Ilikuwa mbaya. Sauti ilikatika kwenye neno la pili, ikarudi na mchanga. Ukumbini mtu alicheka puani. "Ndiye huyu anayetupima?" mwingine alinong'ona, na wa tatu akapiga mbinja ndogo, ya birika. Uso ulimwaka, kijasho chembamba kikamtiririka mgongoni, akaendelea, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na harufu ya chuma kinachoungua ikapanda toka sakafuni, na kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka peke yake, na kitu kikapita katikati ya chumba, kizito, cha joto, kikigusa mashavu yao mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua nyanya, mpaka Chiriku akaanguka magotini, akakohoa, akakohoa tena.

"Mama," alisema. Kwa kukwaruza.

"Huyo!" mama alipiga kelele, akamrukia. "Huyo ndiye mwanangu!"

Mganga naye aliinama kumshika. Kwa kitambo kile kidogo hakuna aliyemtazama Bi Mizani. Alikuwa katika ubeti wa tatu, na kooni mwake kitu kilifunguka. Noti ilipanda yenyewe, safi, pana, ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka ishirini na minne. Alijua. Alikumbuka kila neno aliloambiwa. Akasema moyoni, namalizia mstari huu tu.

Akamaliza wimbo mzima. Ukumbini wakapiga makofi.

Mganga aliinuka polepole. "Ule utamu wa mwisho ulikuwa wako?"

"Wangu," Bi Mizani alisema. "Ni furaha tu."

Mganga alimtazama sana. "Mtu mzima haambiwi mara mbili," alisema, akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya maksi, akaiacha juu ya kinanda.

Mlangoni Chiriku alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mwalimu," alisema kwa kisauti chake kibovu cha kupendeza. "Umekubali kuchekwa kwa ajili yangu." Bi Mizani hakuweza kumtazama usoni.

Wakaondoka. Wanafunzi aliwaambia waje kesho. Alibaki peke yake, jua bado likipiga dirishani, akainama kuuzima mshumaa.

Akapuliza. Moto ukamjia. Ulirefuka, ukawa mwembamba, ukafika mpaka karibu na mdomo wake, na nyuma ya shingo yake mtu akavuta pumzi.

Alichukua karatasi yenye namba ya mganga. Akachukua simu. Aliona haya, haya ya kweli, ya kutoa jasho, na aliilaza simu kifudifudi. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi mbele ya mshumaa, akajaribu noti ya juu zaidi.