Masika Wawili wa Bwera

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uani, Masika Ronah alipiga mpira ukutani mara hamsini. Mji mzima wa Bwera ulizijua chenga zake. Basi alipokuja Masika Benedicte, mkimbizi kutoka Beni, Kongo, akaanza kufunga mabao kwa mguu wa kushoto, Ronah alikosa raha kabisa. Kwani ilikuwa lazima hata jina wachangie? Lakini ndivyo walivyo Wakonzo na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka: binti wa kwanza huitwa Masika, apende asipende.

Jumatatu moja Mwalimu Nobert, aliyeifundisha timu yao, alimwita Ronah ofisini.

"Mlipocheza kule Kisinga nilikuwa mgonjwa," alisema. "Kocha mmoja wa Kasese aliwaona. Anamtaka Masika aliyefunga bao la pili aende Jumamosi kwa majaribio. Akifaulu, atasomeshwa sekondari bure. Ni wewe au Benedicte?"

Ronah alikuwa amefunga la kwanza. La pili lilikuwa la Benedicte, shuti la mbali lililomwacha golikipa ameduwaa.

"Ni mimi, Mwalimu."

Lo! Neno likishatoka halirudi. Nyumbani, mama yake, Mama Ednah, alipiga vigelegele, akawatangazia majirani wote. Ronah aliwaambia wenzake kwamba anaitwa Kasese. Habari za bao akazimeza.

Benedicte alimjia mbio. "Masika! Ni kweli unaenda? Ukienda weye, ni kama nimeenda miye. Mama anakuombea."

Ronah alitazama chini. Mama yake Benedicte alifulia watu nguo, na ada ya sekondari hakuijua ingetoka wapi. Tangu hapo roho ilimsuta darasani, ikamsuta kitandani, na Ijumaa baada ya masomo akamwendea mwalimu akilia.

"Nilikudanganya, Mwalimu. Bao la pili si langu."

Mwalimu Nobert alimwonyesha mlango. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Benedicte alikuwa bombani akichota maji. Alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Jina ni ya sisi wote," alisema. "Lakini muguu ni yangu. Ulitaka kuniibia muguu."

Akajitwisha jerikeni lake, akaenda zake.

Jumamosi Benedicte alikwenda Kasese na mwalimu, akachaguliwa kuanza sekondari mwaka uliofuata. Jumatatu Mwalimu Nobert alimkuta Ronah ameketi peke yake kando ya kiwanja.

"Nimepoteza kila kitu, Mwalimu."

"Ile nafasi haikuwa yako, kwa hiyo hukuipoteza. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ungefika Kasese, kocha angekutazama mara moja tu, aibu ikakushika. Ulisema kweli kabla hujachelewa, na hilo nakusifu. Ila usidhani ukweli hufuta kosa siku hiyo hiyo. Uliyemkosea ndiye wa kutengeneza mambo naye, tena polepole. Wewe ni mchezaji hodari, na mwenzako kuwa hodari hakukupunguzii kitu. Inuka, mazoezi yanaanza."

Ronah alifuta machozi, akaingia kiwanjani. Alipopata mpira, alimpasia Benedicte. Benedicte akafunga, wala hakumtazama. Ronah akampasia tena.