Matambara ya Ukutani

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini za alasiri. Saa hiyo haina ubishi, kwa kuwa redio ya jirani ilikuwa imemaliza taarifa ya habari na kuingia kwenye matangazo ya vifo, na mama mkwe alikuwa bado hajarudi kutoka kliniki ya macho. Ndipo Mwalimu, akiwa amekaa peke yake katika chumba cha nyuma na nusu moja ya kipimio cha waya mkononi, alipoona taa zake nane zikiwaka moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja.

"Zote zinawaka," alisema kuelekea sebuleni, kwa sauti ya kadiri, maana katika nyumba ile mwanamke hakupaza sauti.

Mumewe akatokea mlangoni. Mtaani walimwita Najua, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Ungemwambia paa lake linaungua, angekujibu "najua" kabla hajainua macho. Mkononi alishika nusu ya pili ya kipimio, ile inayopeleka umeme kwenye waya, kifuniko chake cha mgongoni kikiwa wazi.

"Zinawaka vipi, na mimi ndiyo kwanza natafuta betri?"

Wote wawili wakatazama. Taa zilifika ya nane, zikatulia kidogo, kisha zikaanza kurudi nyuma, ya saba, ya sita, ya tano, jambo ambalo kipimio kile hakikuundwa kulifanya. Zilipofika ya kwanza zikazimika.

"Najua," alisema Najua. "Huo ni umeme uliobaki ndani ya waya."

Mwalimu akameza jibu lake. Katika kumeza alikuwa bingwa. Kama kungekuwa na mashindano, kombe lingekaa juu ya kabati lake.

Shule aliyokuwa akifundisha ilikuwa imefungwa, na baada ya kubisha hodi kila mahali alipata kazi ya kufundisha hesabu kwa njia ya kompyuta, akiwa nyumbani. Darasa lilikuwa lianze Jumatatu saa nane mchana. Mkuu wa shule hiyo ya mbali alikuwa amesema bila kupepesa macho: saa nane uso wake usipoonekana, darasa atapewa mwingine, na hapatakuwa na mara ya pili. Intaneti ya hewani iliishia sebuleni. Kuta za nyumba ile kongwe zilikuwa nene, na chumba cha nyuma hakikupata hata harufu yake. Ulihitajika waya.

"Aitwe fundi," Mwalimu alikuwa ameomba.

"Fundi wa nini, na mimi nipo?"

Basi Najua alinunua waya, koleo na vichwa vya plastiki vya kubana kwenye ncha za waya. Karatasi ya maelekezo aliitupa kwenye pipa la taka, akisema karatasi ni za wasiojua. Waya aliupitisha chumbani kwa mama yake, na alipofika kwenye ukuta wa kutokea chumba cha nyuma alisogeza kabati, akakuta tundu lililosindiliwa matambara. Aliyachomoa yote kwa bisibisi, akayatupa, akapitisha waya wake humo huku akipiga mluzi. "Walioijenga nyumba hii walikuwa na akili kama zangu," alijisifu. "Tundu wameniachia tayari."

Ijumaa asubuhi kompyuta ilionyesha kwamba waya umeunganishwa, lakini intaneti haikupita hata tone. Najua akazima, akawasha, akachomoa, akachomeka, akalaumu kompyuta, akalaumu kampuni, hatimaye akamlaumu Mwalimu kwa kukaa karibu mno na waya. Kisha akaenda zake barazani kuwaeleza wenzake jinsi mitandao inavyofanya kazi.

Mwalimu akaenda kwenye pipa kuitafuta ile karatasi. Aliiona chini ya maganda ya viazi, na pembeni yake akaona kipande cha skafu ya buluu, kimefungwa fundo. Skafu ile ilikuwa yake.

Alipoolewa, kabla hajamaliza juma lake la kwanza, mama mkwe alimshika mkono akampeleka nyuma ya kabati. "Katika nyumba hii mwanamke hapazi sauti, mwanangu," alimwambia. "Ukijaa, njoo hapa useme na ukuta. Ukimaliza, ziba kwa kipande cha nguo yako, ukifunge fundo. Ndivyo nilivyofundishwa na mama mkwe wangu, naye na wake. Wanaume hawaambiwi." Siku hiyo Mwalimu alicheka moyoni. Hakucheka siku alipogundua kwamba ililetwa barua ya kumwita chuoni akaongeze masomo, na mumewe akawajibu kwa niaba yake: "Namjua mke wangu, hataki." Siku hiyo alikaa nyuma ya kabati hadi koo likakauka, akachana skafu yake, akasindilia, akatoka akapika.

Sasa alipekua pipa. Palikuwa na matambara meusi kwa uzee, yenye mafundo magumu kama kokwa, na yote yalikuwa mabichi, yana joto, kama kitu kilichotoka kutafunwa.

Alikaa na karatasi, akaisoma kama alivyowafundisha watoto kusoma swali, mara mbili kabla ya kugusa kalamu. Kosa la kwanza aliliona hapo hapo. Nyuzi nane za waya ule husokotwa mbili mbili, kila uzi na mwenzake, ili zisisikilizane. Na Najua alikuwa amezipanga kwenye vichwa kwa uzuri wa rangi, akawatenga wenza, hivyo maneno ya uzi huu yakawa yanavuja kwenye ule. Akakata vichwa vyote viwili, akavibana upya kwa kanuni. Akaweka betri kwenye kipimio. Taa zikaenda vizuri, mbele tu. Akachomeka.

Intaneti haikupita.

Badala yake ilikuja harufu: ya nguo iliyolala majini, ya kinywa kilichofumbwa muda mrefu. Ikafuata sauti, ndogo, ikitoka kwenye kile kichwa cha plastiki alichokuwa amekichomoa na kukishika kwa vidole viwili, na alipokisogeza sikioni, akijiambia kwamba ni redio ya jirani, kwamba ni upepo, kwamba ni lolote lile ilimradi lina jina, akasikia mwanamke analia kwa kujizuia, anasema amejibiwa barua yake na mtu asiyejua hata alitaka kusomea nini, na mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe, na nyuma yake walikuwapo wengine, sauti juu ya sauti, wengine wakisema Kiswahili cha zamani asichokielewa vyema, wote wakinong'ona kwa ghadhabu, na chini yao wote kulikuwa na mlio wa kitu kinachonyonya.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe alisimama pale, miwani mipya imemkaa upande.

"Kumbe mimi ni kikongwe nisiyekufa?"

"Nani amekwambia hivyo, mama?"

"Waya wako! Umepita kando ya mto wangu wa kulalia, unanisomea kila ulilolisema juu yangu jikoni. Na la hawara wa marehemu mume wangu umelisoma, nililolisema kabla wewe hujazaliwa!" Akanyoosha kidole ukutani. "Nani ameyatoa yale matambara?"

"Mwanao."

Bibi yule akaketi chini pale pale alipokuwa. Wakati huo sauti zote ndani ya waya zikakoma, ikabaki moja tu, isiyokuwa ya kike wala ya kiume.

"Mlikuwa mnanilisha," ilisema. "Mmefungua mlango, na sahani haina kitu."

Siku hiyo nzima nyumba haikukalika. Kila neno lililosemwa chinichini likatokea chumba cha pili, limeongezwa makali. Mama akamwita mwanawe mzigo, mwana akamwita mama yake mchawi, na wote wawili wakaapa kwamba hawakufungua kinywa.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alichana upindo wa kanga yake, akaja nao. Waya ulikuwa unajipinda tunduni kama mkia. "Njoo, mwanangu. Uambie ukuta lolote lililokujaa. Ulishe ushibe, tuzibe, tukae kwa amani."

"Na Jumatatu?"

"Utapata kazi nyingine. Mimi nimeishi hivi."

Mwalimu akakitazama kile kitambaa. Akamtazama Najua, aliyeegemea kizingiti akiwa na bisibisi yake. Uso ulikuwa umempauka, lakini mdomo haukuacha kazi. "Najua," alisema. "Ni upepo unaoingia kwenye—"

"NYAMAZA!"

Nyumba ile haikuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mwanamke. Vikombe viligongana kabatini.

"Ulijibu barua yangu! Chuo kiliniita mimi, ukajibu wewe! Hukuniuliza hata nikiwa nakupakulia chakula siku ile ile! Umeitupa karatasi ya maelekezo kama ulivyonitupa mimi, huku ukipiga mluzi! Miaka nimesema na ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa unasikiliza kuliko wewe!"

Kila alipotoa neno, neno hilo hilo lilitoweka katika minong'ono ya tunduni, kama mshumaa uliopulizwa, na kile kilichokuwamo kikaanza kupiga kelele, si ya kutisha kwanza bali ya kutisha baadaye, ukishaitambua: kelele ya mtoto mchanga anayenyang'anywa ziwa. Waya ukachapa ukuta, kabati likasogea lenyewe, harufu ikajaa hadi machozi yakawatoka. Mama mkwe akashika masikio; kisha akayaachia, akainuka, akaliweka jina la marehemu mumewe hadharani na la yule mwanamke wa pili, kwa sauti ambayo majirani waliisikia hadi kwenye bomba la maji, akatukana tusi moja la zamani, zuri, ambalo halistahili kuandikwa. Akalia. Tunduni pakawa kimya.

"Sikujua," alisema Najua.

"Hukuuliza," alijibu Mwalimu, akaichukua bisibisi mkononi mwake.

Waya aliutoa ukutani kwa mikono yake, akaupitisha nje kupitia dirishani. Tundu walilijaza saruji. Jumatatu saa nane mchana kioo cha kompyuta kilijaa nyuso za watoto, na wa kwanza kusema alilalamika kwamba mwalimu mpya ana sauti kubwa.

Mengi yamesemwa tangu hapo. Wanaosema aliletwa mganga na ubani wamechanganya na nyumba nyingine. Mganga hakuvuka kizingiti kile. Wanaosema ulikuwa usiku wa manane wanapenda giza kuliko ukweli: ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na nguo zilikuwa zimeanikwa uani. Wanaosema Mwalimu alimpiga mumewe hawakuwapo. Na yule fundi aliyekuja baadaye kupaka rangi, anayeapa kwamba alama ya unyevu iliyo nyuma ya kabati, yenye ukubwa wa mdomo uliofunguka, ambayo saruji yake haijakauka hadi leo, imetokana na bomba linalovuja, naye amekosea. Katika ukuta ule hakujawahi kupita bomba.