Mistari Saba Mbele ya Apostrofi

Mwanamke mgeni aliingia kituoni Ngagara bila kubisha, akaweka karatasi juu ya meza ya Inspekta Jovithe.

"Afande, wameniibia kibanda changu sokoni."

Karatasi ilitoka ofisi ya soko. Jina lilisomeka: Esperance M\\\\\\\'Byamungu. Chini yake: Imekataliwa.

"Karani anasema mashine haitaki apostrofi, niitoe. Mi sitoi! Kwetu Bushi, kule Congo, hiyo M' maana yake ni 'binti wa'. Nikiikata, nimemutupa baba."

"Fomu ulijaza mara ngapi?"

"Moja tu, kwa simu. Ikanijibu: kibanda cha kona ni chako."

"Basi kama kuna aliyeigusa, jina lako litafika kwa mwendesha mashtaka likiwa zima. Nakuahidi, mama."

Wakaenda pamoja sokoni.

"Patrick, nani anaweza kufungua fomu iliyokwisha kutumwa?" Jovithe alimuuliza karani.

"Mi peke yangu, shefu. Neno la siri hata mke wangu halijui."

"Ya huyu mama uliifungua?"

"Apana! Mashine yenyewe ilikataa."

Jovithe akajaza fomu ya majaribio kwa jina lilelile. Ikapokelewa. Mbele ya apostrofi programu iliweka mstari mmoja ulioinama, isije ikadhani maneno yameishia hapo. Kisha ikasahau kuuondoa.

"Ifungue. Hifadhi."

Mistari ikawa mitatu: mstari wa zamani uliwekewa mwingine, na apostrofi ikapata wake mpya.

"Tena."

Saba, sawasawa na kwenye karatasi ya Esperance.

"Yeye alihifadhi mara moja, Patrick. Mara mbili nyingine ni mkono wa nani?"

Patrick akajifuta jasho. "Kwanza nilibadili kibanda. Halafu nikaandika imekataliwa."

"Ukampa nani kibanda?"

"Léocadie, mke wangu. Ana mimba, anauza nyanya juani! Huyu katoka Congo juzi tu!"

"Kwani mi jua linanipita?" Esperance akamkabili. "Angejaza fomu kama mimi."

"Alichelewa," Patrick alinong'ona.

Jovithe akamfunga pingu.

Alipoketi kuandika ripoti, simu ililia. Mkubwa wake.

"Jovithe, Patrick ni mutoto wa dada yangu. Andika kosa la mashine. Ama sivyo, we kesho unahamia mpakani."

"Nitafunga mizigo, mkubwa."

Akakata simu. Hakuiamini kompyuta, akachukua kalamu. Mlalamikaji: Esperance M'Byamungu. Akaikoleza apostrofi, akaibeba ripoti mwenyewe hadi kwa mwendesha mashtaka. Kisha akarudi nyumbani kukunja nguo.