Mguu wa Kushoto wa Ruqaiya

"Kesho rumba. Usichelewe, kiuno changu kinakungoja."

Adnan aliisoma ile meseji kwenye simu ya mkewe, akairudia, kisha akaingia chumbani kufungasha nguo. Na mtu mwenyewe, jamani, ni mwalimu wa dansi katika hoteli moja ya Kikambala! Wiki nzima anazungusha wageni kwa rumba, walsi na cha-cha. Akirudi Malindi kwa mkewe ni kujitupa kitandani, eti miguu inamuuma. Leo wivu umemshika yeye.

Ruqaiya alitoka jikoni akakuta begi sebuleni.

"Kiuno cha nani hiki kinachokungoja?" Adnan akauliza, akimwonyesha ile meseji.

"Cha Hope. Ni mwanamke mwenzangu."

Akamweleza yote. Kwamba kule mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, kuna darasa la wanawake watupu, wanafunga mlango, wanavua mabuibui, na Moraa anawafundisha. Hope, fundi cherehani, ndiye anayecheza naye. Adnan akacheka kicheko kibaya. Akasema hadithi ni tamu, lakini yeye nyumba hii hakai tena.

Ruqaiya akalishika begi. Ndoa bado changa, na mume anamwacha kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Nilijifunza kwa ajili yako. Wageni unawashika kila siku, mimi mkeo hujanishika mkono tukacheza. Inaniuma, Adnan."

"Inatosha."

"Basi cheza nami mara moja, kisha uende."

Akafungulia rumba kwenye simu. Adnan akakubali shingo upande. Akapeleka mguu wa kushoto mbele, kama afanyavyo mwanamume. Ruqaiya naye akapeleka wa kushoto mbele. Vidole vikagongana.

"Mwanamke anarudi nyuma, kwa mguu wa kulia," Adnan akasema, ualimu umemtoka wenyewe.

Wakajaribu walsi, magoti yakagongana. Kwenye cha-cha Adnan akakanyagwa hasa. Kila dansi, mguu wa kushoto wa Ruqaiya ulikuja mbele bila yeye kufikiri, na mkono wake wa kulia ukamzunguka Adnan mgongoni.

Adnan akaitazama miguu ya mkewe. Miguu ndiyo kazi yake, anaijua. Mwanamke aliyezoea kucheza na mwanamume angerudi nyuma. Huyu amezoea kuongoza.

"Nani kakufundisha upande wa wanaume?"

"Wanaume tutawatoa wapi, na darasa ni letu wanawake? Mimi ndiye mrefu kuliko wote. Moraa kanipanga niwe mume wa Hope."

Adnan akaketi juu ya begi lake, uso kauficha viganjani. Akaomba radhi, akasema ameona haya, kwamba wageni wote kawapa miguu yake, na kwa mkewe kaleta uchovu tu. Ruqaiya akamwambia radhi atampa, ila si akiwa amekaa.

"Inuka. Leo naongoza mimi."

Mwalimu mzima akarudi nyuma kwa mguu wa kulia, akajikwaa kwenye begi lake mwenyewe, na mkewe akamdaka kiunoni asianguke.