Kitanda Ilikataa Mlango

Mimi sikusimuliwa. Nilikuwa hapo mwenyewe, Wahome wa Gatitu, na nikasimama karibu mpaka ile harufu ikaingia kwa shati. Hiyo shati nimeifua mara mia mbili na bado inanuka. Nyinyi wa kusema ati Wahome huongeza chumvi, ngojeni nimalize ndio mcheke.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Tetu inafanya jogoo aahirishe kuwika. Maitu, mama yetu, alikuwa ameteleza kwa majani chai akavunja nyonga. Daktari akasema asifungiwe kwa chumba ya kulala kama maiti. Akae sebuleni, alale kidogo mchana, aone watu, aone jua. Asipofanya hivyo, hatainuka tena.

Dada yangu Watiri, yule wa saluni, akasema tutafute kitanda ya mchana. Daybed. Nikamwambia, "Kwani mimi ni fundi wa nini? Nitatengeneza."

"Wewe ni fundi wa milango ya ng'ombe," akasema. "Maitu si Friesian."

Lakini mjue kitu moja: kitu nimepigilia mimi haitoki. Kuna geti yangu hapa Gatitu, lori iligonga, lori ndio ilipelekwa gereji.

Basi tukazunguka. Ya kwanza ilikuwa mpya, hapo tu barabarani, velveti ya kijani. Laini, lakini chini sana. Mtu wa nyonga akikaa hapo utamtoa na trekta. Ya pili ilikuwa ya siku za baba yetu, chuma na springi. Nilikaa tu kidogo ikaimba kuliko kwaya ya akina mama. Ya tatu tuliipata Nanyuki kwa Diriye, mzee wa vitu za zamani. Ilitoka shamba ya mzungu huko Timau. Mti ya mutamaiyo, kipande moja, nzito kama dhambi. Mgongo imechongwa, urefu sawa na goti ya Maitu. Watiri akaipapasa kama mtoto.

"Hii," akasema. "Hii atainuka nayo."

Diriye akaniuliza, "Mlango yenu umepima?"

"Mzee, mimi sipimi. Jicho yangu ndio futi."

"Pima, kijana. Hii haifunguki. Mlango ikikataa, imekataa."

Nikacheka.

Tukafika Tetu jua ikianza kushuka. Mimi na jirani Peterson tukaisukuma mlangoni. Ikakataa. Tukaigeuza ubavu. Ikakataa. Ilibaki kama upana ya mkono tu.

Sasa, aibu ikanishika. Nyumba yetu ni ya mbao. Nikazunguka nyuma na nyundo, nikang'oa mbao za ukuta, nne.

Maitu akasikia kutoka kwa chumba. "Wahome? Hiyo ni nini unavunja?"

"Si kitu, Maitu. Tunapitisha kitanda nyuma."

Akasema polepole, "Ukuta ya nyuma haifunguliwi mgonjwa akiwa ndani."

"Kwa nini?"

"Zamani, kabla ya kanisa, mgonjwa akishindikana walikuwa wanatoboa nyumba nyuma. Fisi aingie amchukue. Mlango ilikuwa ya watu. Nyuma ilikuwa ya fisi."

Watiri akacheka. "Maitu, fisi wa Tetu waliisha kabla uzaliwe!"

Maitu hakucheka.

Tukaingiza kitanda. Tukambeba, tukamlaza na blanketi yake nyekundu, mgongo yake ikiangalia ukuta. Akafunga macho. Misumari zangu zote zilikuwa zimepinda, kwa hivyo nikatundika gunia kwa shimo, nikaenda na Peterson kwake kuchukua zingine. Watiri akaenda kukama. Dakika kumi tu. Kumi na tano, kwa sababu Peterson alinipea chai.

Nikarudi, ukungu imeshuka. Hata zizi sikuona. Ng'ombe alikuwa anapiga teke... teke... na Watiri anamtuliza.

Gunia ilikuwa inacheza.

Upepo haikuwa.

Halafu harufu. Ngozi ya mbuzi iliyolowa. Mfupa ya zamani. Na ndani, kwa sakafu ya mbao, kitu kama kucha...

Tik.

Tik.

Ikanyamaza. Mutamaiyo ikalia kidogo, vile kitanda hulia mtu akipanda.

Nikainua gunia na kidole moja. Maitu amelala, uso kwa dirisha. Nyuma yake, kati yake na mgongo ya kitanda, blanketi imeinuka. Ikashuka. Maitu akavuta pumzi. Halafu, baadaye kidogo, ikainuka tena.

Blanketi moja. Pumzi mbili.

"Maitu..." nikanong'ona.

Hakufungua macho. "Funga," akasema. "Baridi inaingia."

Sasa hapa ndio muone mwanaume! Nilinguruma mpaka milima ya Nyandarua ikajibu. Nikarusha nyundo. Kitu ikaruka, kubwa kama ndama ya mwaka, ikapita juu ya kichwa yangu, ikapotelea kwa majani chai. Nikapigilia mbao zote nne, misumari arobaini na saba. Watiri alikuja akanipata nikitetemeka. Ilikuwa baridi.

Na Maitu akapona. Wiki ya tatu alitembea bila fimbo. Daktari akapiga picha ya nyonga mara mbili, akidhani mashine imeharibika.

Lakini ng'ombe hamtaki. Na ni ng'ombe Maitu alimlea mwenyewe na chupa! Akikaribia zizi, inapiga teke na kulia. Nyama Maitu anaacha, mfupa ndio anavunja, na meno zilimwisha kitambo. Kwa kitanda yake ya zamani harudi. Usiku na mchana yuko kwa ile ya Timau. Watiri akadhani shida ni kitanda, akamletea ile ya velveti. Maitu akatabasamu.

"Rudisha, mwanangu. Hii inatutosha."

Hapa Gatitu nimesimulia hii hadithi mara nyingi sana. Wananinunulia chai kwa sababu ya ile nyundo. Lakini nyinyi niwaambie, kwa sababu jana nilienda kumwona, nikakaa karibu na yeye, na nikahesabu pumzi.

Ile ya kuruka na kutoka niliongeza mimi. Sikunguruma. Sikurusha nyundo. Nilifunga macho, nikarudisha mbao, nikapigilia. Nikiwa nje.

Niliiona ndani. Kutoka sikuiona.

Na kitu nimepigilia mimi haitoki.