Pua ya Mzee Matone

Foronya ndiyo iliyoanza. Mama aliifua, akaianika, akaipiga pasi, na jioni binti yake alipoilalia ikanuka pombe. Haikuwa harufu ya kupita njia, ile inayoingia dirishani jirani akifungua chupa. Ilikuwa harufu ya mtu aliyelewa tangu juzi, akalala na nguo zake, akaamka akaongeza. Mama aliifua tena. Akabadilisha na mto wenyewe. Mwishowe alisimama mlangoni mwa chumba, mikono ina povu, akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo binti alilijua vizuri, maana utotoni alikuwa akiliona likimtazama baba yake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kama vile ndani kuna mgonjwa. "Umeanza lini?"

"Kuanza nini, mama?"

"Usinichoshe. Harufu hiyo nimeishi nayo ndoa nzima. Naijua."

Binti aliapa kwamba hajaonja hata tone. Aliapa kweli, lakini uso ulimwaka kwa aibu, na mama akaiona ile aibu akakata shauri lake. Hata mimi nisingemwamini. Aibu ilikuwepo, ila ilikuwa ya jambo jingine, na jambo lenyewe lilikuwa chuoni.

Chuoni walimwita Pua. Usicheke, lilikuwa jina la heshima. Profesa wa kemia ya mwaka wa kwanza, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Matone kwa kuwa kila kitu kwake kilikwenda tone kwa tone, alikuwa na desturi yake peke yake. Akishachanganya vitu vyake mbele ya ukumbi, hanusi mwenyewe. "Nani atanusa kwa niaba yangu?" angeuliza. Na anayeitwa haruhusiwi kuchomeka pua kwenye chupa. Anasimama mbali kidogo, anapepea mvuke kwa kiganja, taratibu, kuelekea usoni, kisha anasema amenusa nini. Analosema, Mzee Matone analiandika ubaoni bila kuuliza mara ya pili. Muhula mzima alimchagua binti huyu. "Pua yangu iko wapi?" Ukumbi ungecheka, naye angeshuka ngazi kifua mbele.

Kisha likaja zoezi la maabara. Unafungua koki kidogo, dawa inadondoka kutoka kwenye bomba la kioo mpaka maji ya chini yageuke waridi hafifu, basi, unafunga na kusoma namba. Pua alikuwa na haraka zake. Akaifungua koki kama anayejaza ndoo, maji yakawa mekundu. Badala ya kuanza upya, akachungulia namba za jirani akazinakili. Mzee Matone alitazama maji, akatazama karatasi, akaweka sifuri. Wala hakumgombeza. "Pua yangu haijawahi kunidanganya," alisema. "Basi na mkono nao ujifunze." Kwa sifuri ile, ufadhili wa masomo wa Pua ukaning'inia kwenye uzi.

Mwisho wa muhula mkuu wa idara aliingia ukumbini, akamwomba profesa atoke, akataka maoni ya wanafunzi kuhusu somo na mwalimu wao. Hakupenda maoni ya karatasi. Alisema mtu akisimama mbele ya wenzake ataona haya kusema uongo. Maskini, msomi mzima na hakuwajua watu.

"Anafundisha polepole mpaka unaota ndevu," alisema mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Somo gumu kuliko moyo wa mwenye nyumba wangu."

"Mimi namsifu," alisema binti wa mstari wa mbele. "Ukimfuata ofisini anakueleza mpaka uelewe, hata kama yeye mwenyewe hajala."

Waliosifu walikuwa wengi kuliko waliolalamika, na kila sifa ilimchoma Pua pale pale kwenye sifuri yake. Akainuka.

"Ananuka pombe," alisema.

Kicheko kilikatika. Mkuu wa idara alimtazama juu ya miwani. "Wewe si ndiye unayemnusia? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata mimi niliwahi kuinusa," ilisema sauti moja kutoka nyuma. "Hata sisi wa huku," zikaitikia nyingine. Ulimi hauna mfupa, na wa kundi ndio kabisa. Mzee Matone alinuka chaki na sabuni ya kufulia, siku zote, wala hakuna aliyelijua hilo kuliko Pua. Alipokaa, alisikia kiti cha kando yake kikishuka. Vilikuwa viti vile vya kujikunja, visivyoshuka bila mtu kuvikalia. Cha kando yake kilikuwa kitupu. Hakugeuka kutazama.

Mzee Matone akasimamishwa kazi mpaka baraza la chuo likae. Na Pua akaanza kunuka.

Wenzake walikuwa wa kwanza kuhama viti. Walinong'ona, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Nyumbani kukaongezeka sauti. Tone. Kimya. Tone. Mama alikaza mabomba yote, akatoa na ndoo nje, lakini wakiwa mezani lilidondoka tena, safari hii nyuma ya kiti cha Pua, na wote wawili wakasikia.

"Nini hicho?" mama alinong'ona.

"Sijui, mama. Kula tu."

Msimamizi wa maabara alimruhusu arudie zoezi lake adhuhuri, wenzake walipokwenda kula. Jua lilikuwa limejaa madirishani, na watu hudhani majini huogopa jua. Alifungua koki, tone la kwanza likaanguka, na kabla ya la pili akasikia jingine likianguka nyuma yake, kwenye meza isiyo na kitu, kisha jingine karibu na mlango, kisha jingine juu ya dari, na harufu ile ikainuka kutoka sakafuni ikamfika magotini, kifuani, mdomoni, nzito, chachu, ile ile ya baba yake akiwa ametapika kwenye zulia na mama amepiga magoti anasugua, akataka kukimbia miguu ikakataa, akaweza kugeuza shingo tu, na hapo akamwona aliyesimama ng'ambo ya meza, amevaa koti jeupe, koti la Mzee Matone lenye mfuko ulioungua, amenyoosha kiganja na anapepea hewa taratibu kutoka kwa Pua kuelekea usoni mwake, anamnusa, ila katikati ya uso ule, pale pua inapokaa, palikuwa laini kama goti.

"Sina," kilisema, kwa sauti ya Pua mwenyewe. "Nusa kwa niaba yangu."

Msimamizi alimkuta sakafuni kati ya vioo vilivyovunjika. Aliinama amwinue, akarudi nyuma ameziba pua. "Mchana wote huu, binti?" alisema kwa masikitiko. "Hata wewe?"

Jioni ile mama alimleta mganga, bibi mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Alimkalisha Pua chini, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akauliza kwa upole, kama anayeongea na mtu aliye nyuma ya mlango.

"Wewe nani?"

"Mgeni." Mdomo ulikuwa wa Pua, lakini macho yake yalimtazama mama kwa hofu, yakiomba msaada.

"Nani kakukaribisha?"

"Huyu. Alitaja harufu isiyo na mwenyewe. Nami nilikuwa sina nguo, nikaivaa."

"Utaivua lini?"

"Aseme pale aliposema. Wasikie waliosikia."

Bibi akaachia kichwa, akaanza kufunga mkoba wake. "La kuvunda halina ubani," alisema. "Dawa yangu haifiki huko. Ulisema nini, mjukuu wangu?"

Pua aliwaeleza uso ukiwa ukutani. Alipomaliza, alingoja mama apige kelele. Mama hakupiga. "Umeokota uchafu wa nyumba yetu," alisema taratibu, "ukampaka mtu wa watu." Akatoka, na Pua akamsikia jikoni akilia kwa kujizuia. Afadhali angepigwa.

Mlangoni, bibi aligeuka. "Na likikutoka, tazama linakokwenda. Mahali pakiachwa wazi hapakai wazi."

Lakini kusimama mbele ya ukumbi mzima! Pua aliiwaza ile minong'ono, akawaza ufadhili, moyo ukanywea. Akajishauri kwamba atamwambia profesa mwenyewe, faraghani, huenda likatosha. Sisi sote tukitakiwa kulipa huwa tunaanza kwa kuuliza kama kuna punguzo.

Mke wa profesa ndiye aliyefungua mlango, akamkaribisha sebuleni. Mzee Matone alitoka bafuni nywele zikidondosha maji. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa.

"Pua yangu!" Alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomuumiza binti kuliko yote. "Afadhali umekuja. Niambie kweli, imepungua?"

"Nini, mwalimu?"

"Harufu." Alikaa, akateremsha sauti. "Wewe nitakwambia. Mimi sinusi, binti. Nikiwa na umri wako nilichomeka pua kwenye chupa nikavuta. Ile gesi iliniunguza ndani, na tangu siku hiyo hata nyumba ikishika moto sinusi moshi. Ndiyo maana nawaambia mpepee. Ndiyo maana nawaita mninusie. Sasa nimeambiwa mmenusa pombe kwangu. Pombe sinywi. Lakini nitabishaje? Wenye pua ni ninyi. Nikasema labda ni ugonjwa, mwili unachacha. Basi naoga."

"Mimi namwambia hanuki," alisema mkewe. "Anasema eti namtetea kwa sababu ni mume wangu."

"Wewe mke wangu," alisema mzee. "Pua ni Pua."

Binti alijikuta amepiga magoti. "Hunuki, mwalimu. Hujawahi kunuka hata siku moja. Nilidanganya."

Mzee alitazama mikono yake iliyochubuka. "Kwa ile sifuri?"

"Ndiyo."

"Ungeniomba tu," alisema. "Ningekupa urudie."

Pua alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Badala yake alihisi kitu kimeshuka mabegani mwake, akavuta pumzi, ikaingia hewa safi yenye sabuni. Karibu acheke. Kisha akamwona mke wa profesa, ambaye alikuwa amekwenda kumletea mgeni maji, amesimama mlangoni na glasi mkononi. Hakuwa anamtazama mgeni. Alikuwa anamtazama mumewe, na mkono mwingine ulikuwa umepanda puani.

"Baba watoto," alinong'ona. "Umekunywa nini huko bafuni?"

Mzee aliinua mkono wa shati akauweka usoni, akavuta, akavuta tena. Hakunusa kitu. Nyuma ya kiti chake kitu kikadondoka. Tone.

Pua alitoka mbio mpaka kwa mkuu wa idara, akalia mezani pake mpaka mkuu akakubali. Kesho yake ukumbi ulijaa watu wale wale. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama.

"Nilisema Mzee Matone ananuka pombe," alisema. "Ni uongo. Nilinakili namba za mwenzangu, akanipa sifuri, nikamchukia. Harufu niliyoisema naijua kutoka kwetu, ni ya baba yangu. Yeye ananuka chaki na sabuni. Alikuwa ananiamini kwa sababu yeye hanusi, na mimi nikautumia mlango huo huo."

Hakuna aliyecheka. Wale waliosema "hata sisi" walitazama viatu vyao. Mmoja akainuka akasema na yeye hakunusa kitu, akafuatwa na mwingine, na mwingine, na harufu nzito ikapita juu ya vichwa vyao kuelekea madirishani, kila mtu akainusa, kisha hewa ikawa hewa. Pua alilia mbele za watu bila kujificha. Aibu ilikuwa imefika mwisho wake, ndivyo alivyodhani.

Baraza lilimrudisha Mzee Matone kazini. Ufadhili wa Pua ulikatwa, mama akachukua kufua nguo za watu ili mwanawe arudie somo. Foronya ilinuka jua. Kwa hiyo muhula mpya ulipofunguliwa, Pua alikuwa ukumbini tena, kwenye mstari wake, na kiti cha kando yake kitupu. Siku hizi walimkwepa kwa sababu walimjua.

Mzee Matone aliingia na koti lake lenye mfuko ulioungua. Alikuwa amekonda. Alichanganya vitu vyake, akafungua kizibo, akainua uso kama zamani.

"Nani atanusa kwa niaba yangu?"

Pua aliinua mkono. Hakuna mwingine aliyeinua. Alikuwa amejiapiza kwamba akiitwa tena, hata mara moja tu, atasema kweli mpaka afe. Mzee alimtazama kwa muda, si kwa chuki. Ingekuwa chuki angeivumilia.

"Shusha mkono, binti," alisema kwa upole. Hakumwita Pua. Kisha macho yake yakasogea kidogo tu, upande, yakatulia, na uso ukachangamka. "Wewe hapo kando yake, uliyenyoosha mkono. Ndiyo, wewe. Njoo."

Kando ya Pua, kiti kilijikunja kikagonga, kama vinavyogonga vyote mtu akiinuka.

Alitaka kupiga kelele. Alifungua mdomo, akaona nyuso zimegeuka kumtazama, nyuso za watu ambao hawangemwamini tena juu ya harufu wala juu ya kitu chochote, na sauti haikutoka. Nyayo zilishuka ngazi, taratibu, bila mtu. Kule mbele Mzee Matone alisogeza chupa kwa heshima, akasubiri mvuke upepewe. Kisha akainamisha sikio, akasikiliza, akageukia ubao akaandika. Hakuuliza mara ya pili.