Kadzo na Askari Wake Bondeni

Mafuriko yaliwakuta juani. Qurayyat, mji wa pwani ya Oman walikotoka, hakukuwa na wingu, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na gari lilipoteremka kuvuka bonde kavu, maji ya tope na mawe yaliligonga ubavuni na kulibeba mbali na barabara.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Kadzo, binti wa Kilifi, pingu mikononi. Alikuwa mtumishi wa ndani. Aliiba mkufu wa dhahabu wa mwajiri wake, akafungwa, na sasa alikuwa akipelekwa Muscat kurudishwa kwao. Aliyeendesha ni Jawaher, askari wa kike, ambaye njia nzima hakumsemesha ila kwa Kiarabu cha amri.

"Toka! Pita dirishani, toka!" Jawaher alipiga kelele.

Kadzo alikuwa tayari majini alipotambua kwamba ameambiwa kwa Kiswahili.

Walijivuta hadi kwenye mwamba uliojitokeza ukingoni. Gari lilikwenda na maji, simu ikiwa ndani. Mguu wa Jawaher ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Ufunguo uko mfukoni mwangu," alisema. "Jifungue."

Kadzo alijifungua pingu. Akavunja matawi ya mti uliokwama, akaunyoosha mguu na kuufunga kwa mtandio wake. Jawaher aliuma ukosi wa sare yake. Maji waliyachuja kwa kitambaa, wakanywa, mchanga ukibaki menoni.

Giza lilipoingia baridi iliwasogeza karibu.

"Mamangu kazaliwa Unguja," Jawaher alisema. "Nyumbani Azaiba, huko Muscat, twasema Kiswahili."

"Mbona garini ulinyamaza?"

"Kazini sisemi." Akamgeukia. "Mkufu uliiba kweli?"

"Niliiba. Sikuuza. Nilikuwa nauvaa chumbani, nikijitazama kwenye kioo. Nyumba ile hakuna aliyenitazama."

Chini yao maji yaliendelea kusukuma mawe.

Kulipopambazuka mguu ulikuwa umevimba na Jawaher alitetemeka kwa homa.

"Nenda," alisema. "Panda juu, usifuate bonde, maji yanaweza kurudi. Jua liwe mkono wako wa kulia mpaka uione barabara."

"Unaniachia?"

"Sikuachii. Nakutuma."

Kadzo alipanda. Viatu vilikuwa vimechukuliwa na maji, kwa hiyo alirarua mikono ya gauni akazifunga nyayo, na bado mawe yalizichana. Kila alipofika kileleni aliona kilele kingine, cha kahawia, kisicho na mti wala mbuzi. Aliita jina lake mwenyewe kwa sauti, apate kusikia mtu. Hata mwangwi haukurudi.

Barabara aliifikia jua likiwa utosini. Pikapu iliyojaa matikiti ikasimama. Dereva alikuwa Mkenya.

"Dada, umetoka wapi hivyo? Panda, naenda Muscat, sokoni Mawaleh. Watu wetu wako wengi, hutakosa pa kujibanza."

Kadzo alishika mlango. Ndani mlikuwa na kivuli na chupa ya maji baridi. Hakuna aliyejua kama yu hai. Alisimama hivyo mpaka dereva akapiga honi.

"Nipe simu," alisema. "Kuna mtu kule bondeni, mguu umevunjika."

Helikopta ilipokuja alikwenda nayo kuonyesha mwamba. Jawaher alikuwa amelala kifudifudi, midomo imepasuka, akipumua.

Hospitalini Muscat askari mwingine alikuwa anamngoja Kadzo. Ndege yake ilikuwa jioni ileile. Jawaher, mguu ukiwa kwenye plasta, aliomba waachwe kidogo. Akampa simu.

"Mpigie mtu wako, umwambie umepona."

Kadzo aliitazama simu. Alijaribu kukumbuka hata namba moja ya mtu wa kumpigia, asipate. Akairudisha simu.

Jawaher akabonyeza namba, akamwekea simu sikioni.

"Mama, huyu ndiye."

Sauti ya kizee, ya Unguja, ikauliza, "Mwanangu, umekula?"

Kadzo aliishika simu kwa mikono miwili. Machozi ambayo hayakutoka mahakamani wala mlimani yalimtiririka hadi shingoni.

"Bado, mama," alisema. "Bado sijala."